Simu Iliyongoja Jumapili

"Mama Kajetani, hivi sura ya mwanao bado unaikumbuka?"

Lidwina, jirani yake Fausta, aliuliza hivyo siku moja wakipukuchua mahindi barazani, wala hakuwa na nia mbaya. Ndivyo alivyo, swali likimjia halilali. Fausta akamjibu upesi, "Mama gani anasahau sura ya mtoto wake?" Wakaendelea kupukuchua, magunzi yakijaa miguuni.

Lakini alipobaki peke yake jikoni, ameinjika maji ya ugali, alijaribu kumleta Kajetani mbele ya macho yake. Yakaja masikio, makubwa kama ya baba yake. Likaja kovu la kidevuni, la siku alipoanguka na ndoo kisimani. Ikaja namna yake ya kucheka kwa upande mmoja, kama mtu anayeficha kitu. Vipande vyote vilikuja, uso wenyewe ukakataa. Picha ilikuwepo moja tu, ya Komunyo ya kwanza, nayo mchwa waliila pamoja na ukuta. Jioni ile ugali ulishika chini, naye akaula hivyohivyo.

Fausta anaishi Maposeni, si mbali na Peramiho, katika nyumba ya vyumba viwili na shamba la mahindi nyuma yake. Alizaa watoto watatu, wawili akawazika wakiwa bado wananyonya. Huyu Kajetani ndiye aliyebaki. Alipofika miaka ishirini na miwili akasema anakwenda Msumbiji kuchimba mawe ya thamani na vijana wenzake, mwaka mmoja tu. Miaka ya mwanzo alipiga simu mara mojamoja. Baadaye kimya. Fausta alimwombea kwenye rozari kila siku, naye hakujua kama anamwombea mzima au marehemu, maana sala za hao wawili hazifanani. Hivyo alichanganya. Miaka kumi na sita.

Mwaka huu, mavuno yakiwa ndani, kitochi chake kikaita. Namba ya ajabu, ndefu.

"Shikamoo mama. Naitwa Saleh, mtu wa Nalasi, kule Tunduru. Niko huku Msumbiji kwenye biashara zangu. Wewe ndiye mama yake Kajetani?"

Fausta alikaa chini palepale, juu ya gunia.

Saleh akaeleza kwa upole. Alimkuta Kajetani kambini kwa wachimbaji, kifua kimeharibika kwa vumbi la mashimoni, hana wa kumwangalia. Akamchukua kwake. Hospitali wamekwenda, dawa anapata, ila kumsafirisha haiwezekani, barabara zile zingemmaliza. Na Fausta naye, magoti yake hayamfikishi hata Songea mjini bila kupumzika, seuze Msumbiji. Kisha Saleh akampa Kajetani simu. Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Mama."

"Mwanangu."

"Mama, nataka nikuone. Hata mara moja tu. Saleh ana simu ya kupangusa, ukipata na wewe, tutaonana uso kwa uso."

Salio la Saleh likaisha hapo. Fausta akabaki ameshika kitochi sikioni, anasikiliza hewa.

Habari hiyo alimwambia Lidwina kabla hata ya kumwambia katekista. Lidwina akainuka palepale, akafuta mikono kwenye kanga, akatoa simu yake.

"Sasa unalia nini? Si hii hapa! Taja namba ya huyo Saleh tupige."

Fausta akaitazama ile simu, asiipokee. Jamani, kila mtu ana jambo lake moyoni. Mwaka uliopita Lidwina alikwenda kumtembelea mzee Aidan alipovimba miguu, akampiga picha amelala bila shati, akaiweka kwenye kundi la jumuiya ili watu waguswe, wachange. Na kweli walichanga. Lakini ile picha ilifika Madaba, ikafika Njombe, hadi mkwe wa mzee akaiona. Mzee Aidan alipopona hakurudi jumuiya tena mpaka leo. Fausta alifikiri: na sura ya mwanangu, kifua kimekwisha, ikizunguka hivyo?

"Nitanunua yangu," akasema.

"Kwani yangu ina ukoma?"

"Sijasema hivyo, Mama Careen."

"Umesema. Mdomo haujasema, macho yamesema." Lidwina akairudisha simu kifuani, akaingia ndani, na kwa siku kadhaa salamu zao zikawa za juujuu, za Tumsifu Yesu Kristo na Milele amina, basi.

Fausta akauza mahindi aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya Januari. Jumatano akapanda gari la asubuhi kwenda mjini, fedha amefunga kwenye pindo la kanga na kitochi ndani ya kikapu. Duka aliloelekezwa lilikuwa karibu na soko. Mwenye duka, Muhsini, mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza mvi, alimkuta amesimama mlangoni hathubutu kukanyaga marumaru.

"Karibu mama, shikamoo. Ingia tu, marumaru hayali mtu."

"Marahaba baba. Nataka simu ya kupangusa. Sijawahi kuwa nayo."

Muhsini akamtolea kiti, kisha akapanga simu tatu juu ya kioo. Akaanza kueleza: hii betri yake inakaa siku mbili, hii ina nafasi kubwa ya kuhifadhi vitu, hii ni mtumba wa Ulaya lakini ngumu kuliko mpya. Akataja na namba nyingi. Fausta alisikiliza kama mtu anayesikiliza misa ya Kilatini, anajua ni maneno mazuri ila hayamfikii.

"Baba, nikuulize," akasema. "Kuna mtu amelala, ni mgonjwa, na macho yake hayana nguvu. Ipi kati ya hizi itamwonyesha uso wangu vizuri?"

Muhsini akaacha kutaja namba. Akamwangalia, halafu akaiondoa mojawapo, ile ya mtumba. "Hii kamera yake ya mbele ina ukungu. Nisingekuuzia. Nilikuwa naipanga tu, biashara mama, unisamehe."

Zikabaki mbili. Akamwashia ya kwanza, akamwambia ajaribu mwenyewe kupangusa. Fausta akapitisha kidole. Simu haikusogea. Akapitisha tena. Wapi. Akabonyeza kama anavyobonyeza kitochi, kwa nguvu, kioo kikatulia tu kama maji ya mtungi.

"Imekufa?"

"Haijafa. Ni kidole, mama. Jembe hilo. Sugu imekuwa nene, simu haimjui mtu."

Mteja mmoja mwanamke akacheka. Fausta naye akacheka kidogo kwa aibu, akakitazama kidole chake cha shahada. Miaka arobaini kimeshika mpini, kimepanda, kimepalilia, kimehesabu rozari, na leo kimeambiwa si kidole. Muhsini akaleta kitambaa chenye maji, akamwambia afute vidole, ajaribu kwa ubavu, taratibu, kama anapangusa machozi ya mtoto. Ya kwanza ikakataa. Ya pili ikasogea.

"Hiyo hiyo," Fausta akasema.

"Hata hujaona betri yake."

"Imenikubali. Hiyo hiyo."

Kisha Muhsini akageuza kamera, na Fausta akajiona. Kioo cha nyumbani kwake ni kipande tu cha kuangalia kama kilemba kimekaa, hakikuwa kimemwambia kiasi hiki. Aliona mwanamke mwenye mashavu yaliyoingia ndani na nywele nyeupe masikioni. Akajiuliza kama Kajetani atamjua. Naye Kajetani, labda, kule alikolala anajiuliza hivyohivyo.

"Sasa laini," Muhsini akasema. "Hii ya kwako ni ya zamani, kubwa. Hapa inaingia ndogo. Naikata. Ila ujue, nikishaikata kwenye kitochi haitakaa tena."

"Kata."

Akaikata, akaichomeka, akaweka bando, akafungua WhatsApp, akaandika namba ya Saleh. Kila kitu kikawa tayari. Akamgeuzia kioo.

"Tumpigie sasa hivi? Kaa hapo kwenye mwanga."

Mkono wa Fausta ulikwenda mbele, halafu ukarudi.

Nieleze hapa, maana bila hili mtu anaweza kumwona mjinga. Mume wake, Hironimus, alinunua pikipiki. Kigangoni kwao kitu kipya hakianzi kazi kabla hakijabarikiwa, iwe mbegu, iwe jembe, iwe baiskeli. Watu huviweka mbele ya altare Jumapili Padre anapokuja, naye huvinyunyizia maji ya baraka. Hironimus aliinunua Ijumaa. Jumamosi akaitwa Madaba kwa kazi ya mbao, akasema mke wangu, Padre atainyunyizia ikirudi. Alirudishwa yeye ndani ya gari, amefunikwa turubai. Fausta hakusema kamwe kwamba Mungu alimwadhibu mume wake, Mungu si wa visasi. Lakini tangu siku ile hata sufuria mpya haikupanda jikoni kwake kabla ya Jumapili. Na hiki alichoshika sasa ndicho kitu kikubwa kuliko vyote alivyowahi kununua. Akianze vibaya? Amwonyeshe mwanawe kwa kitu kisicho na baraka, halafu litokee jambo?

"Hapana, baba. Mpaka Jumapili. Padre akishaibariki."

Muhsini hakumcheka. "Sawa mama. Hata sisi kila kitu tunaanza kwa bismillahi. Ila hizi siku nne huna simu kabisa, unajua? Laini iko humu."

"Nimengoja miaka kumi na sita. Siku nne ni nini?"

Muhsini akamwandikia Saleh kwamba mama amepata simu na atapiga Jumapili baada ya misa. Akaizima, akaifunga kwenye boksi lake. Fausta akarudi Maposeni nayo mapajani, ameishika kwa mikono miwili njia nzima.

Akaiweka chini ya picha ya Bikira Maria, akafunika kwa kitambaa cheupe.

Lidwina hakuvumilia. Alhamisi alikuja na kisingizio cha kuomba chumvi.

"Nasikia umenunua. Nionyeshe basi."

"Iko kwenye boksi."

"Hujaiwasha? Mama Kajetani! Mtoto anangoja huko!"

"Padre anakuja Jumapili."

"Hiyo ni simu, si kalisi ya misa."

"Hata jembe tunabariki, na jembe linachimba udongo tu. Hiki kitaleta uso wa mwanangu."

Lidwina alimjua Hironimus, alikuwepo siku turubai lilipofunuliwa. Akachukua chumvi akaondoka, na huyo ndiye mtu pekee ambaye angeweza kumlazimisha.

Ijumaa Fausta alifua kitenge chake cha sikukuu. Jumamosi aliwaza mahali pa kukaa wakati wa kuongea, akajaribu kiti karibu na dirisha, akakigeuza, akakirudisha. Aliwaza atasema nini kwanza. Asimuulize kwa nini alinyamaza, hilo aliapa. Atamwambia mahindi yalikuja vizuri. Alisali rozari nzima, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka hakuchanganya, alimwombea mtu aliye hai.

Jumapili vitu vya baraka vilikuwa vingi juu ya mkeka mbele ya altare: mapanga mawili, rozari za watoto wa Komunyo, pampu ya kupulizia dawa, na boksi jeupe la Fausta pembeni. Padre Polycarp alisali, akanyunyiza. Tone moja likaangukia boksi, Fausta akaliona, moyo wake ukatulia.

Nje, kwenye benchi la ukutani, akamwita Lidwina mwenyewe. Kiburi kilikuwa kimekwisha, na vilevile hakukumbuka kitufe cha kuwashia.

Lidwina akabonyeza. Simu ikawaka, ikatoa muziki kidogo. Watu wawili watatu wakasogea wakitabasamu. Halafu ikaanza kutetemeka. Ikatetemeka tena, na tena, mara nyingi, mkononi mwa Lidwina, kama kuku aliyeshikwa. Lidwina akasoma. Tabasamu likamtoka usoni.

"Soma kwa sauti," Fausta akasema.

"Twende nyumbani kwanza."

"Mama Careen. Soma hapahapa."

Ujumbe wa Jumatano jioni: *Alhamdulillahi mama, nimemwambia, amefurahi sana. Lakini tusingoje Jumapili. Piga leo ukiweza.* Wa Alhamisi asubuhi: *Mama hupatikani. Hali imebadilika.* Wa Alhamisi jioni: *Mama, washa simu.* Ijumaa ilikuwa sauti. Wa Jumamosi Lidwina hakuweza kuumaliza, katekista Baltazar ndiye aliyeupokea mkononi mwake akausoma, taratibu, kama anavyosoma matangazo. Saleh aliandika kwamba Kajetani ametutoka alfajiri, inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, kwamba amemtafuta Mkatoliki wa kule akaja kumsalia kwa sala zake, na kwamba kwa joto la huko hawakuweza kungoja, wamemzika kabla jua halijatua. *Nimerekodi mama, umwone.*

Fausta hakulia palepale. Alisema, "Hiyo sauti ya Ijumaa."

Baltazar akabonyeza. Ikatoka pumzi kwanza, ndefu, yenye mkwaruzo. Halafu Kajetani, akimwita mama kwa Kingoni kama alivyomwita akiwa mdogo.

"Ni mimi. Leo Saleh amenivalisha shati jipya, alidhani utapiga. Mama, nakujua wewe, lazima Padre kwanza. Si kitu. Ni kwa sababu ya baba, najua. Nitajitahidi nifike Jumapili."

Hapo ndipo Fausta alipokaa chini vumbini, akalia.

Padre Polycarp alikuja na alba yake ya misa bado mwilini, akainama karibu naye pale chini. Alipomaliza kumwombea, Fausta alimshika mkono asiuachie.

"Padre, nilikosea?"

Padre alikuwa kijana, wa rika la Kajetani. Angeweza kusema la kumfariji, labda ilikuwa vyema aseme, lakini akasema kweli. "Ungempigia tu, mama. Ningeibariki hata ikiwa imetumika."

Fausta akatikisa kichwa polepole. Hakumkasirikia. Ila neno lile alilala nalo, akaamka nalo.

Msiba usio na maiti ni mgumu kuukalia. Wanawake walitandika mikeka, wakaimba, wakapika, lakini macho yao yalikuwa yanatafuta mahali pa kuangalia na hapakuwapo. Wengine walisema ni mipango ya Mungu. Fausta aliitikia, maana anaamini hivyo, lakini alijua pia nani aliyefunika boksi kwa kitambaa. Hayo mawili aliyabeba pamoja na hakuna aliyempokea. Muhsini alisikia, akatuma mchele na salamu. Watu wa jumuiya walimwuliza Lidwina kama ile video ipo, hamu yao ni kumwona marehemu angalau mara moja, ndiyo desturi, aiweke basi kwenye kundi. Lidwina, yule Lidwina, akawajibu, "Si yangu. Na atakayeniuliza tena tutakosana."

Video haikufunguliwa. Jumapili ilipita, Jumatatu ikapita. Kwenye kioo kilionekana kijipicha chake tu, kidogo kama kucha: shuka jeupe, na juu ya shuka kitu cheusi ambacho kingeweza kuwa uso. Fausta alikuwa akiiwasha simu, anaangalia hapo, anaizima. Alitaka aonwe, zaidi ya kuona, na hilo halikuwemo tena humo ndani. Kilichokuwemo ni uso alioutafuta jikoni ukamkataa, ila sasa umefumba macho.

Jumanne asubuhi watu walitawanyika. Lidwina alibaki anaosha masufuria ya msiba nyuma ya nyumba. Aliposikia anaitwa akaja na mikono inachuruzika maji, akamkuta Fausta amekaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, amevaa kile kitenge cha sikukuu, simu iko mapajani. Alikuwa amefuta vidole kwa kitambaa chenye maji, lakini kioo hakikumwelewa.

Lidwina hakuuliza swali. Akafuta mikono kwenye kanga.

Fausta akamnyooshea simu, akasema, "Naomba unifungulie, halafu ukae hapa na mimi mpaka iishe."